Chombo Kimeoshwa Bado Kinanuka: Kutambua Chanzo na Kuondoa Harufu

Chombo kikioshwa mara tatu kwa sabuni na bado kinanuka, usiongeze sabuni. Ama harufu imejificha mahali ambapo sponji haifiki, ama ni ya aina ambayo sabuni haiiwezi. Sabuni ya ziada huishia kuacha marashi yake juu ya shombo, na sasa una harufu mbili.

Harufu hukaa sehemu tatu. Ya kwanza ni juu ya uso wa chombo, kwenye utando mwembamba wa mafuta, maziwa au chai ambao haujatoka. Ya pili ni kwenye maungio: chini ya mpira wa mfuniko, kwenye hesi za mdomo wa chupa, ndani ya mrija. Ya tatu ni ndani ya plastiki yenyewe. Plastiki nyingi za jikoni, hasa zile zenye namba 5 (PP) au namba 2 (HDPE) ndani ya pembetatu ya mishale chini ya chombo, zina urafiki na mafuta kuliko maji. Harufu za kitunguu saumu, binzari na maganda ya machungwa nazo huyeyuka kwenye mafuta. Zikikutana na plastiki hiyo, tena chakula kikiwa cha moto, huzama ndani ya ukuta wa chombo na kutoka humo kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kioo na stenlesi hazinywi harufu hivyo. Chupa ya stenlesi ikinuka, karibu kila mara chuma chenyewe hakina kosa.

Jaribio la nusu saa kabla ya kufanya chochote

Tenganisha kila kinachotenganishwa: mwili, mfuniko, mpira, mrija. Mimina kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu kwenye mwili wa chombo, kisha ufunike kwa sahani ya kioo au ya udongo, si kwa mfuniko wake. Mfuniko uloweke kwenye bakuli la kioo lenye maji ya uvuguvugu, na mpira kwenye kikombe kingine. Vifunike vyote. Baada ya dakika 30, funua na unuse kimoja kimoja. Joto huitoa harufu nje, na ndiyo maana chombo kilichotoka kwenye friji huonekana kizima, kisha kinanuka mara tu kinapotiwa wali wa moto. Kama umeshinda jikoni siku nzima, mwite mtu aliyekuwa nje anuse yeye, kwa kuwa pua yako imeshazoea.

Mwili ukinuka, ukaushe, kisha pitisha kidole kikavu ndani. Kidole kikiteleza, kuna mafuta juu ya uso na kazi bado ni ya sabuni na maji ya moto. Kidole kikikwama na kutoa mlio huku harufu ipo, plastiki imeshakunywa, na kusugua zaidi hakutasaidia. Hapo kinachohitajika ni joto, muda na hewa.

Jambo jingine la kujua mapema ni joto la maji, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Lita moja ya maji yanayochemka ikichanganywa na lita moja ya maji ya bomba hutoa maji ya nyuzi joto 60 hivi. Hayo yanafaa kwa vyombo vya namba 5 na namba 2. Kwa chupa za namba 1 (PET), yaani zile za maji na soda za dukani ambazo watu huzitumia tena, changanya sehemu moja ya maji yanayochemka na mbili za bomba, upate nyuzi 50 hivi. PET huanza kulegea ikikaribia nyuzi 70, na chupa ikishajikunja hairudi.

Dalili: shombo ya samaki, dagaa au papa mkavu

Shombo husababishwa zaidi na kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo kwa tabia ni alkali. Ndiyo maana ndimu na siki zimekuwa dawa yake tangu zamani: asidi huifunga ikawa chumvi isiyopaa hewani, nayo chumvi hiyo huondoka na maji. Kwa sababu hiyohiyo beking soda ni chaguo baya hapa. Soda nayo ni alkali, kwa hiyo huiachia shombo ipae zaidi, na mtu hudhani chombo kimeharibika kabisa.

Anza kwa maji baridi. Maji ya moto yakitangulia huigandisha protini ya samaki kwenye uso wa chombo. Baada ya kusuuza, osha kwa sabuni na maji ya nyuzi 60 ili kuondoa mafuta, kisha suuza tena hadi povu liishe. Sasa ndipo tia asidi. Tumia kikombe kimoja cha siki nyeupe kwa vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu, au ndimu kubwa mbili zilizokamuliwa kwenye nusu lita, au kijiko kimoja cha chakula cha ndimu ya unga kwa lita moja ya maji. Jaza chombo hadi ukingoni, kwa sababu mchuzi haukuishia katikati. Loweka mfuniko katika maji hayohayo. Saa moja inatosha. Mwaga, suuza, kausha.

Kama baada ya hapo imebaki harufu nzito, kama ya mafuta yaliyokaa muda mrefu, hiyo si shombo tena. Ni mafuta ya samaki yaliyoharibika kwa kukutana na hewa, na asidi haiyawezi. Dagaa waliokaangwa na kuhifadhiwa kwenye kopo la plastiki kwa wiki moja huacha zaidi harufu hii. Rudia sabuni na maji ya nyuzi 60 mara mbili, ukimwaga maji na kuweka mapya kila mara, kisha anika juani.

Dalili: kitunguu saumu, pilau, achari, binzari

Hapa ndipo plastiki inapokunywa kweli, na ndipo watu wengi hukata tamaa mapema. Harufu ya vitunguu hutokana na kemikali za salfa zinazoyeyuka kwenye mafuta, na mchuzi wenye mafuta huzipeleka moja kwa moja ndani ya plastiki. Zilizobaki juu utaziondoa kwa sabuni. Zilizozama lazima zitoke zenyewe. Unachoweza kufanya ni kuzirahisishia safari.

Osha kwanza kwa sabuni mpaka kidole kitoe mlio. Koroga vijiko viwili vya chakula vya beking soda katika nusu lita ya maji ya nyuzi 60, jaza chombo na ukiache usiku kucha kikiwa kimeegeshwa mfuniko tu, bila kubanwa. Iwe beking soda hasa. Beking pauda imechanganywa na asidi na wanga, na wanga huo huacha ute ambao baadaye nao huvunda. Asubuhi mwaga, suuza, futa, kisha weka chombo juani kwa saa tatu au nne, kikiwa wazi na mdomo ukilielekea jua, mfuniko pembeni ukiwa chali. Joto la jua huharakisha kutoka kwa harufu na upepo huichukua. Kiache kipoe, kifunike kwa dakika kumi, kisha fungua na unuse.

Mzunguko huo mmoja wa kuloweka na kuanika huweza kutosha kwa kontena la wali wa pilau. Achari ya embe iliyokaa mwezi mzima huweza kudai mizunguko mitatu au minne. Ikiwa mzunguko wa tatu haukubadilisha chochote, wa saba nao hautabadilisha. Usiache chombo juani wiki nzima kwa hasira, maana mionzi ya jua huila plastiki, ikawa kavu na yenye nyufa ndogondogo, na nyufa hizo huwa maficho mapya ya mafuta.

Binzari ina tabia moja inayowashtua watu. Chombo chenye doa la njano kikitiwa soda, doa hugeuka jekundu la kahawia. Hakijaungua. Rangi ya binzari hubadilika hivyo inapokutana na alkali, na ukisuuza kwa maji yenye ndimu itarudi kuwa njano. Doa lenyewe hufifia juani kwa siku moja au mbili. Doa pia si harufu: kontena linaweza kubaki na wekundu wa nyanya au unjano kwa miaka na lisinuke kabisa.

Njia ya gazeti nayo inafanya kazi kiasi. Kunja karatasi, ijaze kwenye kontena kavu, nyunyizia maji kidogo, funga usiku kucha, kisha osha. Karatasi tupu ni bora kuliko gazeti, kwa kuwa wino huweza kushika kwenye plastiki laini. Mkaa wa kupikia uliopondwa na kufungwa kwenye kitambaa hunyonya harufu pia, ila polepole, na hauwezi kulingana na mkaa maalumu wa kuchujia maji. Upe siku mbili au tatu. Kahawa ya unga, vanila na marashi hazitoi kitu. Zinafunika tu, na plastiki iliyokunywa kitunguu sasa itakunywa kahawa pia.

Friza nayo hainyonyi kitu. Baridi huizuia harufu isipae, basi. Chombo kikipata joto, harufu imerudi.

Dalili: uchachu wa maziwa, uji au mtindi

Maziwa ni kinyume cha samaki. Kinachonuka ni asidi, hasa ile ya butiriki inayotokana na mafuta ya maziwa, kwa hiyo dawa yake ni soda, si siki. Utaratibu wa maji ni uleule: baridi kwanza, moto baadaye. Chupa ya maziwa iliyomiminiwa maji ya moto kabla ya kusuuzwa huota utando mweupe kwenye kuta, na hapo ndipo bakteria hujenga makazi.

Suuza kwa maji baridi mpaka yatoke maangavu kabisa, bila ule weupe wa maziwa. Sugua kwa brashi ya chupa, maji ya moto na sabuni, ukikazania kitako na shingo. Kisha tia kijiko kimoja cha chakula cha beking soda kwa nusu lita ya maji ya moto yasiyochemka, acha nusu saa, suuza. Ukiona tabaka gumu jeupe lisilotoka hata kwa brashi, hayo ni madini ya maziwa yaliyoganda, na sasa ndipo zamu ya siki: sehemu moja ya siki kwa mbili za maji, dakika 30. Soda na siki zipishane, usizitie pamoja.

Uji wa ulezi hauna mafuta mengi, lakini wanga wake hukauka kama gundi kwenye hesi za chupa na chini ya mdomo wa kunywea. Loweka kwa maji ya uvuguvugu dakika 20 kabla ya kusugua. Chupa za watoto wachanga zina masharti yake ya kuchemsha, na hazipaswi kutegemea soda wala siki kama njia ya kuua vijidudu.

Kwa wafugaji, kibuyu cha maziwa husafishwa kwa kijinga cha moto na moshi. Wamasai hutumia mti wa mzeituni mwitu uitwao oloirien. Moto hukausha kibuyu na moshi huzuia vijidudu. Usijaribu njia hiyo kwenye dumu la plastiki. Plastiki huyeyuka, na isipoyeyuka hunywa moshi, ukabaki nao.

Dalili: chupa ya chai au chupa ya stenlesi inanuka chai ya jana

Kama jaribio limeonyesha kwamba mwili ndio unaonuka, angalia ndani kwa tochi ya simu. Utando wa kahawia ni rangi ya chai iliyoshikana na protini ya maziwa, na tangawizi na iliki zimelala humo. Kwa chupa ya stenlesi, tia vijiko viwili vya chakula vya beking soda, jaza lita moja ya maji yaliyotoka kuchemka, acha saa tatu au nne bila kufunga. Soda kwenye maji ya moto sana hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na chupa iliyobanwa itakurushia kizibo utakapoifungua. Kisha sugua kwa brashi. Kikibaki chochote, weka ndimu ya unga, kijiko kimoja cha chakula kwa lita, kwa nusu saa.

Brashi isipopita shingoni, tia vijiko viwili vya mchele mbichi, maji robo kikombe na tone la sabuni, funga na utikise kwa dakika mbili. Kwa chupa yenye kioo ndani, usitumie mchele, mawe wala brashi yenye waya. Ipashe kwanza kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kumimina ya moto, la sivyo kioo kinaweza kupasuka.

Sehemu zinazosahaulika kwenye chupa ya chai ni mbili. Zile za kubonyeza juu zina bomba refu linalobaki na chai ndani, na kuosha tumbo peke yake hakulifikii. Tia maji ya moto yenye soda, bonyeza yapite bombani mpaka kikombe kijae, subiri dakika kumi, bonyeza tena, halafu malizia kwa maji safi mpaka yasiwe na ladha. Sehemu ya pili ni kizibo. Vingi vina uwazi ndani. Kitikise karibu na sikio: ukisikia maji, chai iliingia kupitia ufa, na hakuna brashi itakayoifikia. Nunua kizibo kipya peke yake kama kinapatikana, maana chupa ni nzima.

Kipimo hicho cha sikio kinafaa pia kwa hotipoti. Kati ya kuta zake mbili kuna povu gumu la kuhifadhi joto, na hotipoti iliyozamishwa kwenye karai la maji ya kuoshea huweza kulowa ndani. Maji hayo yenye mchuzi huvunda taratibu. Nusa kwenye ukingo ambapo bakuli la ndani linakutana na ganda la nje. Harufu ikitoka hapo, na si kwenye bakuli, hakuna dawa ya uhakika. Siku mbili tatu za jua, ukingo ukielekea chini ili maji yachuruzike, ndilo jaribio pekee lenye maana. Ukinunua nyingine, usiizamishe. Osha ndani, futa nje.

Usitie jiki kwenye stenlesi. Klorini hutoboa vitundu vidogo vya kutu, na kwenye vitundu hivyo mabaki hujificha yakaanza kunuka upya.

Dalili: mwili safi, mfuniko unanuka

Hii ndiyo hali ya kawaida kuliko zote, na ndiyo rahisi. Ng'oa mpira kwa ncha ya mpini wa kijiko au kijiti cha meno. Kisu hukata mpira, na mpira uliokatwa utavuja hata ukiwa safi. Ukikuta utelezi chini yake, hayo ni makazi ya bakteria na kuvu.

Mpira wa silikoni, ule laini mweupe au wa rangi unaorudi haraka ukivutwa, unavumilia kuchemshwa kwa dakika kumi. Mpira mweusi wa kawaida usichemshwe muda mrefu, kwani hukakamaa. Uoshe kwa maji ya moto, sabuni na mswaki wa zamani, hasa kwenye mfereji unamokaa. Kwa madoa meusi ya kuvu kwenye plastiki au silikoni, tumia jiki isiyo na marashi: kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kwa lita moja ya maji baridi. Loweka dakika kumi, suuza, acha ikauke kwa hewa. Weusi ukibaki baada ya hapo, kuvu limezama ndani ya mpira. Badilisha mpira.

Silikoni nayo hunywa harufu, hasa ya kitunguu na ya sabuni yenye marashi makali. Ndiyo sababu maji ya chupa huwa na ladha ya sabuni ilhali chupa imesuuzwa mara tano. Chemsha mpira kwenye maji matupu dakika kumi, mwaga, rudia mara moja, kisha uache juani. Baada ya hapo tumia sabuni isiyo na marashi kwa mfuniko. Mrija na mdomo wa kunyonyea hutaka brashi yake nyembamba; bila brashi hiyo kuosha mrija ni kujidanganya.

Dalili: dumu la mafuta ya kula linaharibu maji

Dumu la lita 20 la mafuta ya kupikia likisuuzwa kwa maji baridi tu huacha filamu ya mafuta ambayo, kwa hewa na joto, huchacha. Maji yanayokaa humo hupata ladha ya karanga mbovu. Watu wengi hutia maji mengi na sabuni kidogo, ilhali kinachotakiwa ni kinyume chake.

Kwanza ligeuze dumu mdomo chini juani kwa saa moja, chombo kikikinga chini, ili mafuta yaliyolainika yachuruzike. Tia lita mbili za maji ya nyuzi 60, vijiko vinne vya chakula vya sabuni ya maji na kikombe kimoja cha kokoto ndogo zilizooshwa vizuri. Funga, tikisa dakika tatu, kisha lilaze kila ubavu na ulitikise tena. Mpini wa dumu mara nyingi una uwazi ndani na ndimo mafuta yanamojificha. Ligeuze juu chini mara kadhaa mpaka maji ya sabuni yapite humo. Mwaga. Rudia kwa maji mapya hadi maji yanayotoka yasionyeshe macho ya mafuta juu yake. Mara mbili hazitoshi kwa kawaida. Ya tatu au ya nne ndiyo hutoka safi.

Kisha koroga gramu 100 za beking soda kwenye lita mbili za maji ya moto, mimina dumuni, sukasuka, liache usiku kucha ukilibadilisha ubavu kila unapopata nafasi. Magadi yana nguvu zaidi dhidi ya mafuta na ni ya bei ndogo: vijiko viwili vya chakula kwa lita. Hukausha ngozi, kwa hiyo vaa glavu, na usikorogee kwenye sufuria ya alumini kwa sababu alkali huila. Majivu yaliyochekechwa hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, ila hubaki kwenye hesi na kwenye mpini.

Suuza mara tatu, jaza maji safi, acha saa 24. Angalia uso wa maji kwenye mwanga, kisha onja. Mfuniko una kiungo chake cha plastiki laini ndani. Kama kinang'oka, king'oe na ukioshe peke yake.

Hayo yote ni kwa dumu la mafuta ya kula. Dumu lililobeba mafuta ya taa, petroli, dawa ya kuua wadudu au ya mifugo, au kemikali yoyote ya kiwandani halioshwi kwa ajili ya maji ya kunywa wala chakula, hata kama halinuki tena. Kemikali hizo huzama ndani ya HDPE kama kitunguu kinavyozama kwenye kontena, na hutoka kidogo kidogo bila pua kujua. La dawa ya wadudu litobolewe ili asije mwingine akaliokota na kulichotea maji.

Dalili: chupa ya maji matupu inanuka uvundo

Haijawahi kubeba chakula, lakini inanuka kama kitambaa kilichosahaulika ndani ya ndoo. Sababu ni kufungwa ikiwa na unyevu. Mate yanayorudi kwenye chupa wakati wa kunywa ni chakula cha kutosha kwa bakteria. Osha kwa sabuni na brashi. Kama chupa ni ya plastiki, tia jiki kwa kipimo kile cha kijiko cha chai kwa lita, dakika kumi, na kuisuuza kwa maji safi. Ya stenlesi itumie maji ya nyuzi 60 na soda.

Kukausha ndiyo nusu ya kazi. Chupa iliyogeuzwa mdomo chini juu ya meza tambarare haikauki, kwa kuwa hewa haina pa kuingilia. Iegeshe kwenye kichanja au juu ya vijiti viwili. Hifadhi mwili na mfuniko vikiwa mbalimbali, hasa miezi ya mvua na katika miji ya pwani ambako hewa yenyewe ni ya unyevu.

Michanganyiko ya kuepuka

Jiki na siki, au jiki na ndimu, hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Kuzitumia siku moja inaruhusiwa ikiwa chombo kimesuuzwa vizuri katikati, lakini ni salama zaidi kuchagua moja. Jiki na dawa za usafi zenye amonia nazo hutoa gesi mbaya.

Siki na beking soda kwa pamoja si hatari kwenye bakuli wazi, ni kazi bure tu. Povu linavutia kutazama, lakini asidi na alkali zimeshamalizana, na kilichobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Ndani ya chupa iliyofungwa, gesi yake huweza kuipasua.

Stili wulu na mchanga huondoa uchafu pamoja na ngozi ya plastiki. Mikwaruzo hushika mafuta, na chombo kilichosuguliwa hivyo kitanuka haraka zaidi wiki ijayo. Tumia sponji laini.

Kujua pa kuishia

Kontena lenye mabaka meupe yanayobanduka ndani, hasa pale mchuzi wa nyanya wenye mafuta ulipopashwa kwenye maikrowevu, uso wake umeyeyuka na haurudi. Nyufa, unata usiotoka kwa sabuni, na mfuniko uliopinda mpaka mpira haukai vizuri ni dalili za namna hiyohiyo.

Kontena lisilo na kasoro hizo, ila limekataa kuachana na kitunguu saumu baada ya mizunguko mitatu ya soda na jua, halina haja ya kutupwa. Liandike kwa kalamu isiyofutika, liwe la vitunguu na viungo peke yake. Wali, matunda na maziwa vitafutiwe vya kioo, au vya stenlesi vyenye mfuniko ambao mpira wake unang'oka. Na chakula cha moto kisubiri kipoe hadi uvuguvugu kabla ya kuingia kwenye plastiki, ila kisikae nje zaidi ya saa mbili.